Breketi ya Namba ya Gari ya Kujitengenezea: Chuma, Alumini au Bomba la Plastiki?

Gari dogo linalotoka Japani huja na bampa lililochongwa kwa ajili ya kibao cha namba cha Kijapani, chenye upana wa milimita 330 na kimo cha milimita 165. Matundu mawili ya bolti yako umbali wa milimita 210, ukipima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Kibao kirefu cha Tanzania kina takribani sentimita 52 kwa 11. Ukikifunga moja kwa moja kwenye matundu yale ya Kijapani, kila ncha inabaki ikielea zaidi ya sentimita 15, kwa sababu bampa linapinda kwenda nyuma na kibao kimenyooka. Katika lami ncha hizo hutikisika tu, lakini ukishaingia barabara ya vumbi kibao hupigapiga bampa mpaka rangi itoke, na mwisho wake bati lile jembamba hupasuka kuanzia kwenye tundu la bolti.

Mafundi wengi humaliza jambo hili kwa dakika tano: skrubu nne zinatobolewa kwenye bampa, au kibao kinakunjwa kwa goti kifuate mkunjo wa gari. Njia ya kwanza inaliachia bampa makovu ya kudumu, na ya pili inafanya herufi zisisomeke vizuri ukiwa pembeni. Breketi, yaani kishikio kinachokaa kati ya bampa na kibao, huondoa matatizo yote mawili, na mtu mwenye subira anaweza kujitengenezea nyumbani Jumamosi moja. Kinachowakwamisha wengi ni kuchagua malighafi. Nimewahi kutengeneza breketi za aina tatu ambazo vifaa vyake vinapatikana kirahisi hapa Dodoma, na kila moja ilinifundisha jambo ambalo sikulijua nilipoanza.

Mambo ya kupimia

Kabla ya kulinganisha, ni vyema kukubaliana tunapima nini. La kwanza ni upatikanaji wa malighafi na zana: je, kazi inahitaji mashine ya kuchomelea, au msumeno wa chuma, tupa na drili vinatosha? La pili ni uzito na namna kifaa kinavyovumilia mtikisiko, kwa kuwa breketi inaning'inia kwenye bampa la plastiki kwa bolti mbili za milimita 6. La tatu ni hali ya hewa. Dodoma ina jua kali karibu mwaka mzima, vumbi jingi wakati wa kiangazi, na mvua za msimu mmoja kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kwa hiyo kinachoharibu kifaa hapa si lazima kiwe ndicho kinachokiharibu Tanga. La nne, ambalo watu hulisahau kabisa, ni kinachotokea gari likigusa ukuta au gari jingine: ni nini kinachovunjika kwanza?

Yapo pia masharti yasiyobadilika, malighafi iwe yoyote. Kibao kisomeke chote, kisizibwe na ukingo wa breketi, na matundu yasitobolewe juu ya herufi wala tarakimu. Kile cha nyuma kimulikwe na taa yake usiku. Kona za breketi zilainishwe kwa tupa, kwa sababu mtoto anayekimbia uani yuko kimo kile kile cha bampa. Tena breketi ya mbele isizibe njia ya hewa inayokwenda kwenye rejeta. Katika tambarare za Bahi huenda usione tofauti, lakini ukipanda Nyang'oro kuelekea Iringa huku kiyoyozi kikifanya kazi, sindano ya joto inaweza kukuonyesha. Ikiwa gari lako lina rada au sensa mbele, usiweke kitu chochote mbele yake, hasa chuma au alumini.

Fletibaa ya chuma

Malighafi hii haina shida ya kupatikana. Kila karakana inayochomelea mageti na magrili ina mabaki ya fletibaa, yaani vipande virefu vya chuma bapa, na ile inayofaa kazi hii ni ya upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3. Muundo wake ni mwepesi kuelewa: vipande viwili vya kulala vya sentimita 50, na viwili vya kusimama vya sentimita 15 vinavyokutana na matundu ya bampa. Ukiwa na vipimo sahihi, mchomeleaji anamaliza kazi yako kabla chai haijapoa. Usiyetaka kuchomelea unaweza kuunganisha kwa bolti, ingawa hapo kazi ya kutoboa inaongezeka, na chuma cha milimita 3 kinachosha biti butu.

Uzito ndio unaosumbua. Mita moja ya fletibaa hiyo ina karibu gramu 590, kwa hiyo fremu niliyoieleza inafika gramu 770 hivi, kibao chenyewe hakijawekwa. Breketi yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hii, na niliifunga chuma kwa bampa bila kitu chochote katikati. Kwa msimu mmoja niliendesha kwenda shambani kwa njia ya vumbi karibu kila wiki, na nikawa nasikia mlio mdogo wa kakakaka ambao niliusingizia shokapu. Asubuhi moja nikakuta fremu imeinama upande, inaning'inia kwa bolti moja. Nilipoifungua nikaona tundu la bampa limegeuka umbo la yai. Chuma hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya fremu na bampa, pamoja na washa pana upande wa nyuma wa tundu, vingezuia hasara yote ile.

Kuhusu kutu, hali yetu ya ukavu inakihurumia chuma kuliko wengi wanavyodhani. Kutu huanzia mahali pawili: pale palipochomelewa, kwa kuwa moto umeunguza kila kilichokuwa juu yake, na ndani ya matundu ambako brashi haifiki. Ukisugua kwa msasa, ukapaka rangi ya kuzuia kutu na kuyafikia matundu kwa kijiti kilichofungwa pamba, kisha ukapaka rangi ya juu, breketi itakaa misimu mingi. Vijiwe vinavyorushwa na magari vitabandua rangi upande wa mbele, kwa hiyo iangalie kila baada ya mvua kuisha. Kwa mtu anayeshuka Dar es Salaam kila mwezi na kulaza gari karibu na bahari, kazi hiyo ya kupaka upya itamjia mara nyingi zaidi.

Likitokea pigo, chuma hakikubali kushindwa. Kinaukabidhi mshindo wote kwa bampa, na bampa la plastiki ndilo linalopasuka. Hiyo ni kasoro kubwa kwa gari dogo. Kwa pikapu yenye bampa la chuma, inayopita kwenye vichaka na majani marefu, ukaidi huo unageuka kuwa sifa, kwa sababu tawi linalokwangua chini ya gari halitaondoka na kibao chako.

Bati la alumini

Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma, ujenzi umeongezeka sana, na pamoja nao mafundi wa madirisha ya alumini. Mabaki wanayoyatupa ndiyo hazina ya mtengeneza breketi, ila ni lazima uyatazame kabla hujayabeba. Mengi ni mirija ya fremu yenye ukuta mwembamba sana, ambayo haifai kwa kazi hii isipokuwa ukiipasua na kutumia upande wake bapa kama kipande cha kuongezea nguvu. Unachotafuta ni bati bapa la milimita 2. Kipande cha ukubwa wa kibao kizima, sentimita 52 kwa 11, kina karibu gramu 310, yaani chini ya nusu ya ile fremu ya chuma.

Zipo pia paneli za kupambia kuta za majengo, zenye ngozi mbili nyembamba za alumini na plastiki katikati. Nimeona watu wakizisifu, na ni kweli kwamba zimenyooka vizuri na ni nyepesi, lakini zikikunjwa bila kuchongwa mfereji upande wa ndani hupasuka ngozi ya nje. Kwa breketi isiyo na mkunjo zinafaa. Kwa bampa lililopinda nisingezichagua.

Alumini inahitaji utaratibu zaidi kuliko nguvu. Anza na kadibodi: iweke juu ya bampa, chora mkunjo, kata, jaribu tena, mpaka kiolezo kikae bila mwanya. Mimi hukata kiolezo mara tatu au nne kabla sijagusa bati, na sijawahi kujutia kadibodi iliyopotea. Halafu bana bati kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, ukunje kidogo kidogo kwa nyundo ya mpira. Amua mkunjo mara moja na usiurudishe, kwa sababu alumini iliyokunjwa, ikanyooshwa, ikakunjwa tena hukatika. Unapotumia tupa utaona meno yake yanajaa vumbi la alumini na kuacha kukata. Paka chaki ya kuandikia kwenye tupa kwanza, na vumbi halitashika. Usimpelekee mchomeleaji wa mageti, kwa kuwa mashine yake ya kawaida haiwezi kuunganisha bati jembamba la alumini. Tumia ribiti au bolti.

Katika mtikisiko alumini ina tabia ya kuchoka polepole. Ufa hauonekani kwa miezi mingi, kisha siku moja unauona umeanzia kwenye ukingo wa tundu lililoachwa na makwaruzo ya drili. Dawa yake ni kulainisha kila tundu kwa biti kubwa inayozungushwa kwa mkono, kuweka washa pana, na kuweka mpira nyuma kama ilivyo kwa chuma. Jua halifanyi lolote, mvua vilevile. Bolti za chuma zikigusa alumini kwenye hewa ya chumvi huila taratibu, lakini kwa gari linaloishi Dodoma jambo hili ni dogo, na washa ya plastiki inalimaliza.

Ikigongwa, alumini hujikunja na kubaki hivyo. Bampa huokoka mara nyingi, kibao kinaweza kuharibika pamoja na breketi, na kuinyoosha ni kubahatisha, kwa sababu niliyoitaja ya kukatika.

Bomba la plastiki

Hii ndiyo njia inayochekwa na wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Bomba la PVC la inchi 4 lina kipenyo cha milimita 110. Ukikata kipande cha sentimita 52, ukakipasua kwa urefu na kukilaza bapa, unapata ubao wa plastiki wenye upana wa karibu sentimita 34, unaotosha kutoa vipande vitatu vya ukubwa wa kibao. Kwenye eneo lolote la ujenzi mabaki ya bomba hayakosekani. Chagua lenye ukuta mnene, wa milimita 3 au zaidi, kwa maana mabomba ya maji taka mara nyingi ni membamba. Kipande cha milimita 3 kitakuwa na gramu 240 hivi.

PVC hulainika ikikaribia nyuzi 80, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha kuikunja, lakini sufuria ya kutosha bomba la nusu mita ni nadra nyumbani. Njia niliyoizoea ni mchanga. Unaukaanga kwenye karai, unaumimina ndani ya bomba ambalo bado halijapasuliwa na limezibwa upande mmoja, unasubiri dakika chache, unamwaga, kisha unapasua haraka kwa kisu imara huku ukiwa umevaa glovu nzito. Mtu wa pili anafungua bomba juu ya ubao na kulikandamiza kwa ubao mwingine wenye matofali juu yake. Plastiki ikigeuka rangi ya kahawia, mchanga ulikuwa moto kupita kiasi. Usitumie moto wa wazi kamwe, kwa kuwa PVC inayoungua hutoa moshi unaokereketa na wenye sumu. Nami huifanya kazi hii nje, upande upepo unakotoka.

Faida yake kubwa ni kwamba inafuata mkunjo. Ukichonga kipande cha mbao kwa kiolezo kile kile cha kadibodi, ukaipasha plastiki tena na kuilaza juu yake mpaka ipoe, utapata breketi inayokaa kwenye bampa kama ganda la yai lilivyokaa kwenye yai. Usiikandamize ikiwa ya moto moja kwa moja kwenye gari. Tena haina mlio: hakuna chuma kinachogonga kitu, na hata bila mpira nyuma yake inakaa kimya kwenye rasta za barabara ya Morogoro.

Udhaifu wake ni jua. Gari linaloegeshwa bila kivuli kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni huko Mtumba hupokea mwanga ambao, kadiri miaka inavyopita, huifanya PVC kuwa na unga mweupe juu na kuwa kavu kama bisi. Rangi ya kupuliza, hasa yenye weupe au kijivu, huchelewesha hali hiyo. Plastiki hutanuka pia kuliko metali. Kati ya matundu yaliyo umbali wa milimita 210, joto likipanda kwa nyuzi 40, urefu unaongezeka kwa karibu nusu milimita. Ni kidogo, ila kinatosha kuanzisha ufa ikiwa tundu linaibana bolti. Toboa tundu la milimita 8 kwa bolti ya milimita 6, weka washa pana, na usikaze mpaka plastiki ianze kuzama.

Likipigwa kidogo, breketi hii hupinda na kurudi. Likipigwa sana, hupasuka vipande, na bampa linabaki salama. Kwa kuwa ubao mmoja ulitoa vipande vitatu, unavyo viwili vya akiba stoo. Asiyetaka habari za mchanga moto anaweza kutumia ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ambao haupasuki kirahisi. Hata hivyo rangi na gundi havishiki juu yake, na ni mgumu kuulazimisha ufuate mkunjo.

Ipi kwa nani

Mfanyakazi anayeishi Area D au Kisasa, mwenye Vitz au IST, ambaye safari zake nyingi ni za lami na kuegesha katikati ya magari mengine, atahudumiwa vizuri na plastiki iliyopakwa rangi, au alumini ikiwa hana kivuli cha kuegesha kabisa. Dereva wa teksi anayejipenyeza karibu na soko la Majengo, ambako bampa huguswa kila wiki, angependelea plastiki kwa sababu ya vile vipande vya akiba.

Anayekwenda vijijini mara kwa mara, iwe Chemba, Bahi au ndani ya Chamwino, aangalie kwanza bampa lake ni la nini. Likiwa la plastiki, alumini yenye mpira nyuma inavumilia vizuri, mradi matundu yakaguliwe kila gari linapooshwa. Likiwa la chuma, fletibaa ni ya kufaa zaidi na uzito wake hausikiki. Asiye na jiliwa wala muda, lakini ana mchomeleaji mtaani, naye achukue fletibaa bila aibu, akikumbuka tyubu ya baiskeli. Anayelala pwani mara nyingi aiache.

Mwenye nia ya kuuza gari karibuni asitoboe bampa hata kidogo. Kipande kizima cha alumini kinachotumia matundu mawili ya Kijapani hufunguliwa kwa spana namba 10, na mnunuzi hataona alama yoyote.

Kwa kibao cha nyuma hesabu ni nyingine. Pale nafasi ni finyu, taa iko juu yake, na mkono wa kufungulia buti mara nyingi uko hapo hapo, kwa hiyo unene ndio unaoamua: alumini ya milimita 2 inaingia mahali ambapo fletibaa na vichwa vya bolti zake vitaugonga mlango. Ukishafunga, subiri giza liingie, washa taa, urudi nyuma hatua kumi uone kama herufi zote zinamulikwa; kisha baada ya safari yako ya kwanza ya barabara ya vumbi, shika tena spana namba 10 ukaze bolti zote, za mbele na za nyuma.